Namna ya kulikagua shirika la watoto waliopotea Marekani kabla hujalichangia

Ukipigiwa simu ukiwa Marekani na mtu anayechangisha kwa ajili ya watoto waliopotea, muulize mambo matatu: jina kamili la shirika, namba yake ya EIN yenye tarakimu tisa (namba ya utambulisho wa kodi), na kama yeye ameajiriwa na shirika lenyewe au na kampuni ya kuchangisha. Majina ya mashirika haya yanafanana mno. Mtu hudhani anakichangia NCMEC, kituo cha taifa cha watoto waliopotea kilichoanzishwa mwaka 1984, kumbe fedha zinakwenda kwingine kabisa. Usitoe namba ya kadi kwenye simu hiyo, hata ukiambiwa kuna mtoto aliyetoweka asubuhi ya leo.

Ukishapata EIN, tafuta Fomu 990, yaani ripoti ya fedha ya kila mwaka ya shirika, kwenye tovuti ya IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) au ya ProPublica (chombo cha habari za uchunguzi). Zote ni bure. Soma za miaka mitatu mfululizo, maana mwaka mmoja unaweza kuwa wa bahati tu. Shirika ambalo mapato yake kwa kawaida hayazidi dola 50,000 hujaza 990-N, ambayo haina hesabu za matumizi. Hilo liombe lenyewe likupe hesabu zake.

Nenda moja kwa moja kwenye Jedwali G (Schedule G), kiambatisho cha Fomu 990, Sehemu ya I. Wachangishaji wa kulipwa waliopata fedha nyingi zaidi, hadi kumi, wametajwa hapo, kila mmoja kwa jina. Safu ya (iv) ni fedha alizokusanya, ya (v) ni alichochukua yeye, na ya (vi) ni kilichobaki kwa shirika. Gawanya (vi) kwa (iv). Tuseme zimekusanywa dola 400,000 na shirika limebakiwa na 48,000: katika kila dola uliyotoa, senti 12 tu ndizo zimefika, na hata hizo bado hazijatoa kodi ya ofisi. Jambo hili peke yake si kosa kisheria. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizuia majimbo kuamua kiwango cha fedha ambacho mchangishaji anaruhusiwa kuchukua. Mwaka 2003, katika kesi ya Illinois ambapo kampuni ilikuwa ikibaki na senti 85 za kila dola, mahakama hiyo ilisema anayewadanganya wachangiaji kuhusu matumizi ya fedha anaweza kushtakiwa. Kwa hiyo ukaguzi ni kazi yako.

Halafu rudi kwenye Fomu 990 yenyewe, fungua Sehemu ya IX, mstari wa 26, wa gharama za pamoja za elimu na kuchangisha. Hapa ndipo wengi hupitwa. Barua ya kuomba mchango ikiwa na ushauri mfupi wa usalama, kwa mfano “mfundishe mwanao namba yako ya simu”, sehemu ya gharama zake huweza kuandikwa kama elimu kwa umma. Uchapishaji na stempu vinageuka kuwa “huduma kwa watoto”. Kiasi kikiwa kikubwa kwenye mstari huo, usiiamini asilimia ya huduma wanayoitangaza.

Mishahara mikubwa kiasi isikutishe. Kupokea simu za wazazi usiku kucha ni kazi ya watu, na watu hulipwa.

Sasa waulize kuhusu kazi yenyewe, kwa barua pepe ili majibu yabaki. Wanaposema “tumewapata” maelfu ya watoto, wamewapataje? Utafiti wa serikali wa mwaka 1999 ulikadiria watoto 797,500 walioripotiwa kupotea, lakini waliotekwa na watu baki, kwa ule utekaji mzito tunaouogopa sote, walikuwa takriban 115. Wengi walikuwa wametoroka nyumbani, wamechelewa kurudi au wamepotezana na wazazi, na karibu wote walipatikana. Shirika linaloweza kuhesabu kila anayerudi mwenyewe litaonekana hodari bila kufanya lolote. Jibu zuri lina vitendo: tulichapa bango baada ya polisi kuthibitisha kesi, tulimlipia mama nauli, tulimtafutia baba wakili katika shauri la malezi. Uliza pia ni idara zipi za polisi zinazowapelekea kesi, kisha ipigie mojawapo uhakikishe.

Wakikukwepa, au hesabu zikipingana na maneno ya aliyekupigia, peleka malalamiko kwa mwanasheria mkuu wa jimbo lako. Ambatanisha tarehe na saa ya simu, namba iliyokupigia, maneno uliyoahidiwa na ukurasa wa Jedwali G.