Kubadilisha samani za kampavani: kwa tulioko Uingereza

Wengi wetu hapa Uingereza tunanunua kampavani (vani yenye kitanda na jiko ndani) iliyokwishatumika kwa ajili ya safari za kifamilia. Msiba uko Glasgow, harusi iko Reading, watoto wapo, na hoteli ya wikiendi moja inakula nusu ya mshahara. Lakini samani za ndani zilipangwa kwa watu wawili wanaopasha moto supu ya kopo. Sufuria ya ugali haiingii kabatini, themosi ya chai haina pa kusimama, na kitanda ni chembamba. Ndipo tunapoanza kubomoa.

Kabla hujafungua hata skrubu moja, lala humo siku mbili tatu. Mimi nilichora kabati langu nikiwa sebuleni, na nilipolala garini nikaona mlango wake ungegonga magoti ya mtu aliyelala. Kwa hiyo kata maboksi kwa vipimo kamili, yaunge kwa selotepu, kisha ishi nayo: chemsha chai, tandika, watoto wapite. Boksi ukikosea unatupa. Plaiwudi ukikosea umepoteza pesa.

Katika kuchagua mbao, tazama uzito kwanza. MDF, yaani bamba la unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ni rahisi kwa bei, ila bamba la futi 8 kwa 4 lenye unene wa milimita 18 lina kilo 40 hivi, na likinywa maji huvimba lisirudi tena. Plaiwudi ya popla ya milimita 12, ukubwa uleule, ni kama kilo 16. Kampavani nyingi zina kikomo cha kilo 3,500, na hicho ndicho kikomo cha kawaida cha leseni ya daraja B, ile ya gari la kawaida, kwa aliyefaulu mtihani kuanzia 1997. Humo wanahesabiwa gari lenyewe, abiria, mizigo na maji, na lita 70 za maji ni kilo 70.

Nyumbani kabati husimama kwa uzito wake. Garini, ukikanyaga breki, kila kitu kinataka kwenda mbele. Skrubu ya mbao kwenye bati jembamba italegea baada ya safari chache, kwa hiyo tumia nati za riveti: toboa mbavu za chuma za gari, paka rangi ya kuzuia kutu kwenye tundu, bana nati kwa koleo lake, kisha funga kabati kwa bolti. Ukitaka kutoboa sakafu, ingia kwanza uvunguni mwa gari na tochi. Kuna tangi la mafuta, mabomba ya breki na nyaya.

Milango na droo zipate vitasa vya kubonyeza vinavyojifunga. Sumaku hazitoshi. Droo yangu ilifunguka tukizunguka kipilefti, sufuria ikaruka na kuangukia karibu kabisa na mguu wa mwanangu. Sasa sufuria inakaa chini, kwenye droo yenye kitasa, na themosi imekatiwa tundu la duara kwenye rafu, pana kuliko yenyewe kwa sentimita 1, likazungushiwa kitambaa kizito ili isigongegonge.

Baridi nayo ina mambo yake. Watu wanne wakipumua usiku kucha mwezi wa Januari, bati linatoka jasho. Acha upenyo nyuma ya makabati hewa ipite, na kitanda kiwe cha vipande vya mbao vyenye mianya, si ubao mzima. Chini ya godoro langu la kwanza palijaa ukungu kabla majira ya baridi hayajaisha.

Benchi ulilojenga ni la kukalia gari likiwa limesimama. Usifunge mkanda kwenye plaiwudi ukamweka mtoto hapo safarini, maana mbao hazihimili nguvu ya ajali. Viti vya safari viwe vile vilivyofungwa kwenye chasisi na kupimwa. Kabati la mtungi wa gesi lina tundu la hewa sakafuni kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hushuka chini. Usilizibe, na mabomba yake mwachie fundi wa gesi mwenye kibali. Na ndugu zangu, jiko la mkaa lisiingie ndani hata kwa dakika tano, hata kama ni la kuota tu. Hewa yake ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini. Weka king'ora cha hewa hiyo karibu na kitanda.

Ijulishe kampuni ya bima mabadiliko yote kabla ya safari, kwa maandishi. Kama ulianza na vani ya mizigo, waandikie pia DVLA, wakala wa serikali wa kusajili magari, kuhusu aina ya gari. Wao huangalia hata sura ya nje, kama madirisha ya ubavuni.

Ukimaliza, jaza maji, pakia vyombo, upeleke gari kwenye mizani. Kisha endesha maili 20 kwenye barabara mbovu, urudi ukaze kila bolti upya.