Bei ya Breki za Mbele: Halali au Unapigwa?

Usikubali jumla moja ya "breki za mbele, kila kitu." Mwambie fundi atenganishe spea na ufundi, na aandike kila spea ni orijino, ya kampuni nyingine au mtumba. Kisha chukua namba ya chesisi upige simu maduka matatu ya spea kuuliza bei: Gerezani ukiwa Dar es Salaam, Kirinyaga Road ukiwa Nairobi. Fundi kujiongezea kidogo ni kawaida, maana ndiye aliyehangaika kuitafuta spea. Bei mara mbili, hapana.

Sasa kazi yenyewe. Pedi, zile zinazobana diski (sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu), hubadilishwa kushoto na kulia kwa pamoja, vipande vinne. Ukibadilishiwa upande mmoja, gari linaweza kuvuta pembeni ukikanyaga breki. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi. Ikibaki 3, muda wake umefika. Akisema diski nazo zimekwisha, apime unene mbele yako na alinganishe na kiwango cha chini, ambacho mara nyingi kimegongwa kwenye diski yenyewe. Mlio peke yake si ushahidi: hata vumbi hufanya breki zilie.

Ukiona "kutoa upepo" kwenye orodha, yaani kuondoa hewa kwenye mafuta ya breki, uliza kwa nini. Kubadili pedi tu hakufungui mipira ya mafuta ya breki, kwa hiyo upepo hauingii. Kazi nzima ni ya saa moja hivi, labda boliti ziwe zimeshika kutu.

Dai pedi za zamani, hata kama utazitupa.