Nafasi kati ya Tairi la Nyuma na Madigadi: Jinsi ya Kuipima na Kuirekebisha

Pikipiki iliyo juu ya stendi ya kati haikuonyeshi iwapo tairi lake la nyuma hugusa madigadi. Gurudumu likiwa linaning'inia, springi za shokamzoba hujinyoosha, na nafasi unayoiona huwa kubwa kuliko ile itakayobaki pindi abiria na gunia la viazi watakapokuwa nyuma na dereva akapita juu ya tuta bila kupunguza mwendo. Kipimo chenye maana ni kile kinachochukuliwa shokamzoba zikiwa zimebonyea hadi mwisho.

Anza kwa kutafuta alama. Zima injini, weka gia huru, kisha mulika tochi chini ya madigadi huku ukizungusha gurudumu taratibu kwa mkono. Alama ya msuguano iliyo katikati huonyesha kwamba tairi linapanda kupita kiasi. Iliyo upande mmoja huonyesha kwamba gurudumu limekaa mshazari, spoki zimelegea hata rimu ikayumba, au madigadi yenyewe yamepinda. Mfereji mwembamba uliochorwa kwenye kashata (vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara) mara nyingi ni kazi ya ncha ya bolti inayochungulia kutoka juu. Angalia pia nyaya za taa ya nyuma, kwa maana hupitishwa chini ya madigadi, na zikichunwa na tairi fyuzi huungua bila dereva kuelewa sababu.

Baada ya hapo, pima. Mwombe fundi mwenye kifaa cha kubana springi azitoe springi za shokamzoba zote mbili, kisha azirudishe shokamzoba mahali pake bila springi. Usijaribu kazi hiyo kwa bisibisi na nguvu za mikono, kwa sababu springi iliyobanwa ikifyatuka inaweza kuvunja mfupa. Sasa inua gurudumu kwa jeki hadi shokamzoba zifike mwisho wa mwendo wake, na upime pengo kati ya tairi na madigadi juu, mbele na nyuma. Mahali ambapo rula haifiki, bandika donge la unga wa ngano uliokandwa ukawa mgumu, nyunyizia unga mkavu juu yake lisigande, inua gurudumu, lishushe, kisha pima unene wa donge lililobaki. Mafuta yasitumike badala ya unga mkavu, kwani yakibaki kwenye tairi yanaweza kukuangusha. Kwa barabara ya lami, mimi sikubali pengo lililo chini ya milimita 10.

Pengo likikosekana, soma kwanza maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi. Pikipiki nyingi za bodaboda huja na tairi la nyuma la 3.00-17, na wengi wakifika Kirinyaga Road, Nairobi, kununua jingine huchagua la 3.50-17 kwa kuwa linaonekana imara zaidi. Nambari ya kwanza ni upana kwa inchi, na katika matairi ya aina hii kimo cha ubavu hukaribiana na upana huo. Kwa hiyo tairi la 3.50 hupanda kuelekea madigadi kwa takriban milimita 13, na kila upande huongezeka kama milimita 6 kuelekea cheni na fimbo ya breki. Anayetaka tairi pana kidogo angefaidika zaidi na la 90/90-17, ambalo upana wake ni milimita 90 na kimo cha ubavu ni asilimia 90 ya upana huo, yaani milimita 81, milimita 5 tu kuzidi lile la awali. Hata hivyo, kurudia saizi iliyoandikwa na mtengenezaji ndiyo tiba ya bei nafuu kuliko zote.

Kuhusu shokamzoba, liko kosa moja linalorudiwa sana. Dereva akisikia tairi likikwaruza, fundi hukaza springi kwa kuzungusha pete yenye ngazi, na kelele hupungua. Kukaza huko huinua pikipiki na kuifanya ifike mwisho wa mwendo mara chache zaidi, lakini hakubadilishi mahali mwisho huo ulipo, hivyo tuta kubwa litaleta mgusano uleule. Kaza pete ikiwa springi zimelegea, pande zote mbili kwa ngazi sawa, lakini usiihesabu kuwa tiba. Shokamzoba zinazovuja, zilizopoteza mpira wa ndani wa kuzuia kugonga, au zilizobadilishwa kwa fupi zaidi, zibadilishwe zote mbili kwa pamoja, na urefu kati ya matundu ya bolti ulingane na ule wa awali. Na abiria awe mmoja, kama sheria ya trafiki inavyosema.

Ikiwa alama ziko upande mmoja, legeza nati ya ekseli na ulinganishe alama za kurekebishia cheni kulia na kushoto. Cheni iachiwe mlegeo ulioandikwa katika kitabu cha pikipiki, ambao kwa nyingi ndogo ni kati ya milimita 20 na 30. Kumbuka kwamba cheni mpya huvuta gurudumu mbele, na pengo la sehemu ya mbele ya madigadi hupungua. Baada ya kukaza ekseli, rudisha pini yake, kaza fimbo inayoshikilia dramu, na urekebishe breki.

Madigadi ndiyo ya mwisho kuguswa. Badilisha mipira iliyokatika, nyoosha vishikio vilivyopinda, na upachike bolti vichwa vikitazama tairi ili nati zikae juu. Wosha (vibati vya duara vyenye tundu) chache chini ya vishikio huinua madigadi kwa milimita kadhaa, mradi bolti bado zinaingia kikamilifu kwenye nati. Kuyakata sikushauri: maji machafu humrukia abiria, na kibao cha namba hukosa pa kushikilia.

Kwa wanaofanya kazi Ruai na sehemu za Embakasi zenye udongo mweusi, milimita 10 hazitoshi. Udongo ule ukilowa hujishindilia juu ya tairi hadi gurudumu likakwama, kwa hiyo tafuta pengo la milimita 25 au zaidi, na wakati wa mvua za Machi hadi Mei uepuke matairi yenye kashata ndefu ikiwa pengo hilo halipatikani. Springi zikisharudishwa, pakia mzigo wa kawaida, pita juu ya matuta machache kwa mwendo mdogo, kisha mulika tena chini ya madigadi na ukaze nati zote upya.