Kufunga bwawa la kuogelea msimu wa mvua Mtwara: mota isife kwa kukaa

Ukitafuta mtandaoni namna ya kufunga bwawa la kuogelea, maelezo mengi utakayoyapata yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Hofu yao ni barafu. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na yakigandia ndani ya pampu au bomba, plastiki inapasuka hata iwe nene vipi. Ndiyo maana wao hukausha mabomba, hufunika kila kitu na kuliacha bwawa lilale hadi joto lirudi.

Kwetu maji hayagandi, lakini vifaa vinakufa vilevile. Nahudumia mabwawa ya Shangani na Mikindani hapa Mtwara, na mara mojamoja Lindi, na mota nyingi ninazozing'oa zimekufa kwa kukaa. Mvua imeanza Desemba, wageni wamepungua, mwenye nyumba kazima swichi ili aokoe umeme. Miezi minne baadaye anapiga simu: "Fundi, mota inanguruma tu, haizunguki."

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii, mota kama hiyo niliiua mimi mwenyewe. Nilifuata maelezo ya huko ughaibuni, nikaifunga kwa nailoni, nikakaza kwa kamba, nikaondoka nimeridhika. Nilipoifungua Mei, nailoni kwa ndani ilikuwa na matone kama kioo cha gari alfajiri. Kwenye kisanduku cha nyaya, vichwa vya shaba vilikuwa vimeota unga wa kijani, na beringi zimeshikana kwa kutu. Joto la mchana lilitoa unyevu, nailoni ikauzuia usitoke, na chumvi ilikuwa imo ndani tayari. Mota ya pwani lazima ipumue. Hatua zote hapa chini zinatokana na hilo.

Hatua ya 1: Amua nani atabaki na bwawa

Kama pana mlinzi au mtu wa bustani anayelala hapo, usifunge kabisa. Awashe pampu saa mbili kila siku. Maji ya huku yana uvuguvugu mwaka mzima, kwa hiyo mwani wa kijani hauna msimu wa kulala, na mota inayozunguka kila siku hujikausha yenyewe kwa joto lake. Gharama ya umeme wa saa mbili ni ndogo kuliko mota mpya.

Kama hakuna mtu, nenda hatua ya 4 ukishamaliza 2 na 3.

Hatua ya 2: Usikaushe bwawa

Hapa nasisitiza, maana nimewakuta watu wakitoa maji yote "ili mbu wasizaliane". Mvua ikishalowesha ardhi, maji ya chini hupanda na kulisukuma bwawa kutoka chini. Likiwa tupu linakuwa kama ngalawa iliyozikwa: linataka kuelea. Sakafu inapasuka, vigae vinabanduka, na pengine bwawa zima linainuka. Uzito wa maji yaliyomo ndio unaolishikilia. Mbu utawazuia kwa klorini na kwa kuyazungusha maji.

Kama pampu itazimwa, ukimaliza hatua ya 3 punguza tu kina hadi chini kidogo ya mdomo wa skima, lile tundu la ukutani linalonyonya maji ya juu. Kama itawashwa kila siku, maji yasishuke chini ya mdomo huo, pampu itavuta hewa. Piga hesabu: milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita mraba. Bwawa la mita 10 kwa 5 likipata mvua ya milimita 80, limeongezeka lita 4,000, yaani sentimita 8. Kama yupo anayebaki, mwambie awe anapunguza yaliyozidi kila baada ya mvua kubwa, kabla maji hayajamwagikia chumba cha pampu.

Hatua ya 3: Safisha chujio na uweke dawa

Fanya bakiwoshi, yaani pitisha maji kinyume ndani ya chujio yatoe uchafu, mpaka maji kwenye kioo kidogo cha chujio yawe meupe. Zima pampu kabla ya kugusa mkono wa valvu, ule mpini wa chujio unaochagua njia ya maji. Ukiuzungusha pampu ikiwa inafanya kazi, unakata mpira wa ndani. Pima pH iwe kati ya 7.2 na 7.6, kisha weka klorini.

Klorini inayobaki isikae chumba kimoja na pampu. Mvuke wake hula shaba na chuma haraka kuliko hata upepo wa bahari. Usiiweke karibu na asidi, na usichanganye klorini ya unga na ya vidonge kwenye ndoo moja, hata kama ni mabaki tu: zinaweza kulipuka.

Hatua ya 4: Ihudumie pampu

Zima swichi kubwa, kisha hakikisha kwa testa kwamba umeme umekatika. Kapasita, kile kikopo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, huhifadhi umeme hata baada ya kuzima, kwa hiyo kama wewe si fundi usifungue kifuniko chake.

Fungua vizibo viwili vya chini ya pampu, maji yatoke yote. Hili wenzetu wa nchi za baridi wako sahihi, ingawa sababu yetu ni nyingine: maji yenye klorini yakituama miezi kadhaa yanaharibu sili, kizuizi cha kwenye shafti kinachozuia maji yasiingie kwenye mota. Vizibo viweke ndani ya kikapu cha pampu, visipotee. Oringi (pete ya mpira) ya kifuniko ifute, uipake grisi ya silikoni. Wengi hutumia mafuta ya mgando ya kujipaka, nayo huvimbisha mpira hadi usikae tena.

Mkono wa valvu uache katikati ya alama mbili, ili springi isiukandamize mpira sehemu moja muda wote.

Mota ifute kwa kitambaa kilicholowa maji baridi yasiyo na chumvi, ukikamue vizuri, kisha kwa kitambaa kikavu. Usiipige maji ya mpira. Kama inafunguka kirahisi, ing'oe ukaihifadhi ndani ya nyumba, juu ya ubao. Kama inabaki hapo, inyanyue kwa tofali, ezeka kibati juu yake, na pande zote ziwe wazi.

Hatua ya 5: Nunua vipuri mapema

Sili, oringi na kapasita ziwe kabatini kabla ya mvua. Vipuri vyetu vinatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kule Somanga, hakuna pesa ambayo ingekuletea sili kwa basi siku zile.

Hatua ya 6: Kufungua tena

Rudisha vizibo. Jaza maji kwenye kikapu cha pampu kabla ya kuwasha, maana pampu ikizunguka kavu sili inaungua kwa dakika chache. Umeme ukiwa bado umezimwa, zungusha shafti ya mota kwa mkono, upande wa feni. Ikizunguka laini, washa. Ikikwaruza, beringi zimeanza kuharibika, ziwahi kabla hazijaunguza mota.

Ukiwasha ikanguruma bila kuzunguka, zima papo hapo. Mama mmoja wa Mikindani alinipigia mota ikiwa inanguruma bado, nasikia sauti kwenye simu. "Mama, zima kwanza, tutaongea baadaye." Akazima. Ilikuwa kapasita tu, nikaibadilisha jioni ileile, na mota yake inafanya kazi hadi leo.