Jinsi ya kuandika daftari la mzee ili anayeingia zamu aelewe

Ndugu zangu mnaohudumia wazee kwenye makao huku Iringa, Njombe na Mbeya, leo tuongelee daftari, maana wengi tunaliandika mwisho kabisa tukiwa tumeshachoka, unaweka "mzee anaendelea vizuri" unaondoka zako. Hiyo sentensi mi naikataa. Vizuri vipi?

Andika ulichoona na ulichopima, mfano "uji wa ulezi kanywa nusu kikombe, kasema mdomo mchungu, presha 150/90, kakojoa mara moja tu tangu asubuhi". Mwenzako akisoma hivo anajua kabisa huyu mzee anatakiwa kubembelezwa anywe maji. Na kama kila siku ukimsalimia "kamwene", salamu ya huku, anaitikia kwa sauti alafu leo anakukodolea macho tu, iandike pia na umwite nesi, kwa mzee kubadilika ghafla namna hiyo inaweza kuwa nimonia au UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) inaanza hata kama mwili haujachemka.

Sasa saa, hapa ndo pabaya. Kituo kimoja nilichofanya kazi nilipokea zamu saa 3 usiku nikakuta pameandikwa "dawa ya sukari kapewa saa 2", basi, mi nikajua ni saa 2 asubuhi, nikampa ya usiku, kumbe alishapewa lisaa limoja nyuma. Saa 8 usiku nikamkuta shuka limelowa jasho, na ilikuwa Julai ile baridi ya kwetu, anatetemeka na kuongea visivyoeleweka, kupima sukari ni 2.6, imeshuka mno. Bahati alikuwa anaweza kumeza, tukamnywesha maji ya sukari, tukapima tena baada ya dakika 15, tukamkimbiza hospitali. Alipona, ila ule usiku sijausahau mpaka leo.

Kwahiyo kubalianeni kituo kizima mtindo mmoja, ama 20:00 ama "saa 2 usiku", na tarehe, jina la dawa, miligramu, sahihi. Unasaini akishameza, sio wakati unatoa kidonge kwenye pakiti. Akikataa andika kakataa na sababu aliyokwambia.

Majina nayo, huku kina Sanga wanaweza kuwa watatu chumba kimoja, weka majina matatu, mwaka wa kuzaliwa na namba ya kitanda kila ukurasa maana kurasa zinachomoka.

Ukikosea piga mstari mmoja tu neno lionekane, andika neno lililo sahihi pembeni, weka saini na tarehe. Usichane ukurasa, usipake ile rangi nyeupe.

Wasioweza kujigeuza, mara nyingi ni kila masaa 2, andika ubavu gani na ngozi ya kiunoni na visigino ikoje, kama kuna wekundu usiopotea ukibonyeza sema hapohapo kabla hakijawa kidonda. Tafadhali msijaze usiku mzima alfajiri kwa mkupuo, peni ileile mwandiko uleule, hapo mzee hajageuzwa na wote tunajua.

Kukabidhiana zamu msifanyie mlangoni, someni pamoja kitanda kwa kitanda. Na kurasa zisipigwe picha kurushwa kwenye magrupu ya Watsap, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, daftari likimaliza kazi lirudi kabatini lifungwe na ufunguo akae nao kiongozi wa zamu.