Vijiko vya fedha vilivyoingia weusi: foili, beking soda na maji ya moto

Weusi wa fedha si uchafu, ndiyo maana sabuni haiutoi. Ni fedha yenyewe iliyoungana na salfa. Salfa hiyo hutoka hewani, kwenye moshi, kwenye kiini cha yai, kwenye kitunguu, na hata kwenye mpira uliofungia vijiko kabatini. Ukiusugua weusi huo mpaka utoke, umetoka na fedha iliyokuwa ndani yake. Kwa kijiko kizito cha fedha tupu, hasara hiyo ni ndogo. Kwa kilichopakwa fedha juu tu, sugua leo, sugua Idi ijayo, mwisho shaba inachungulia.

Foili, ile karatasi ya aluminiamu ya jikoni, inafanya kazi tofauti. Aluminiamu huivuta salfa kuliko fedha inavyoweza kuishikilia, kwa hiyo vikigusana ndani ya maji yenye beking soda, salfa huhama na fedha hubaki palepale kwenye kijiko.

Kabla ya kuchemsha maji, geuza kijiko usome mgongo wa mpini. 925 au STERLING maana yake sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha, na zinazobaki kwa kawaida ni shaba. Kijisimba kinachotembea ni muhuri wa Uingereza wa fedha ya kiwango hichohicho. EPNS ni utando mwembamba wa fedha juu ya mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Hicho nacho kinasafishika, ila usikiache majini muda mrefu na usisugue kingo zake, kwa sababu hapo ndipo utando huisha kwanza.

Osha vijiko kwa sabuni ya maji na uvisuuze. Usiruke hatua hii, maana mafuta yakibaki, maji ya soda hayafiki kwenye fedha na kijiko kitatoka na mabaka. Tandika foili kwenye beseni la plastiki gumu au bakuli la kioo kinachostahimili joto. Upande unaong'aa au usiong'aa, yote sawa. Panga vijiko juu yake, kila kimoja kiguse foili. Kijiko kilicholala juu ya mwenzake bila kugusa foili kinaweza kutoka kama kilivyoingia. Nyunyiza beking soda vijiko vinne vikubwa kwa kila lita ya maji, kisha mimina maji yaliyotoka kuchemka hadi yafunike kila kitu.

Utaona vipovu, na utasikia harufu ya yai viza. Ndiyo salfa inaondoka, fungua dirisha. Weusi mwepesi huisha kwa dakika mbili au tatu. Mzito unataka hadi kumi, na ugeuze vijiko katikati. Maji yakipoa kazi hupungua sana, kwa hiyo kama bado kuna weusi, mwaga, weka maji mapya ya moto, soda mpya, na foili mpya kama ya kwanza imegeuka kijivu. Kisha suuza kwa maji safi, kausha papo hapo kwa kitambaa cha pamba, na upitishe kitambaa kikavu kwa mistari iliyonyooka kufuata mpini. Fedha iliyorudi hutua ikiwa imefifia kidogo. Mng'ao unakuja kwa kitambaa.

Huna foili? Sufuria ya aluminiamu, zile za kila jiko, inatosha: weka vijiko ndani yake moja kwa moja. Chagua iliyochakaa, kwani itabaki na madoa ya kijivu. Magadi ya mawe pia hufanya kazi, lakini ni makali kwa mikono, na mchanga uliomo ndani yake hukwaruza. Beking pauda siyo: ina asidi ndani yake. Kwa sababu hiyohiyo usiongeze siki wala ndimu. Povu litapendeza macho, lakini soda na asidi zitakuwa zimemalizana zenyewe. Chumvi pia si lazima, soda peke yake inatosha.

Ukwaju, unaosafisha sinia za shaba vizuri mno, hauufanyi chochote weusi wa fedha. Dawa ya meno, majivu na stilwaya huacha mikwaruzo isiyofutika. Dawa ya klorini ya kufulia huidhuru fedha, na weusi wake ni mbaya kuliko ule wa mwanzo.

Visu usivizamishe. Mipini mingi ya visu vya fedha ina uwazi ndani uliojazwa gundi au saruji, na maji ya moto huilegeza. Vyombo vyenye vito, lulu au marijani navyo viache. Vilevile vile vya Kiomani na mirashi ya kunyunyizia marashi vyenye nakshi: weusi uliomo kwenye mifereji ya nakshi umeachwa makusudi ili ua lionekane, na foili haijui kuchagua. Hivyo vifute kwa uji mzito wa soda, sehemu tatu za soda kwa moja ya maji, ukigusa yaliyoinuka tu kwa kidole kilichovikwa pamba, bila kukandamiza.

Kijiko kikitoka na rangi ya waridi au ya njano sehemu moja, pale utando umekwisha. Hakuna dawa ya jikoni. Ni kumpelekea fundi akipake upya.

Vinavyotumika kila siku huchelewa kuingia weusi. Vya kuhifadhi, hasa pwani penye unyevu, vifunge kwa kitambaa cha pamba kikavu, si sufu, kisha mfuko wa plastiki unaofungika, pamoja na vipande viwili vya chaki ya ubaoni vya kunywa unyevu. Chaki ikiwa na majimaji, ianike juani au badilisha.