Somo: Kutia nano kwenye nailoni ili meno ya gia yasilike upesi

Gia za kuinulia vioo vya gari, za waipa, za mashine ya kusaga nyama nyumbani: zote huja karakana na ugonjwa mmoja, meno yamelika. Somo hili ni la mwenye mashine ndogo ya kusindilia plastiki kwenye moldi na anayejua kuitumia.

Niseme mapema kwamba kazi haiko kwenye unga wa nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, iko kwenye kuusambaza ndani ya plastiki. Mara yangu ya kwanza nilimimina unga wa alumina (oksidi ya alumini) moja kwa moja kwenye hopa, faneli la kulishia mashine, juu ya punje za nailoni. Nusu ulinata kwenye kuta za hopa, nusu ukaingia kama madonge. Gia ilitoka inang'aa kweli. Baada ya siku chache ilikuwa imekwangua pinioni (gia ndogo inayoiendesha) ya chuma mpaka ikapata mifereji, na yenyewe imekonda. Nilikuwa nimetengeneza msasa wenye meno.

Jino huliwaje. Meno mawili yakikutana katikati hubingirika, lakini kuelekea ncha na kuelekea shina husuguana. Msuguano huzaa joto, na nailoni hupitisha joto kwa shida, zaidi ya mara mia chini ya chuma. Joto likikwama pale usoni, plastiki hulainika kisha huchubuka. Kwa hiyo tunatafuta kitu cha kuteleza, au cha kuliondoa joto, au vyote viwili.

1. Chagua nano. Tunazungumzia chembe ambazo angalau upande wake mmoja hauzidi nanomita 100; unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Grafini (kaboni ya tabaka nyembamba mno) na disulfidi ya molibdeni ni tabaka tabaka, zinateleza zenyewe. Mirija ya kaboni huimarisha na kusafirisha joto. Silika na alumina ni ngumu, na zikiganda madonge mmeshasikia kilichonipata. Udongo wa nano una sifa yake: watafiti wa Toyota walioutia kwenye nailoni 6 miaka ya 1980 walipandisha kiwango cha joto ambacho plastiki huanza kupinda chini ya mzigo, kutoka takribani nyuzijoto 65 hadi zaidi ya 140. Lakini kustahimili joto si lazima kuwe kustahimili msuguano. Kwa nailoni inayokutana na pinioni ya chuma, anza na grafini au disulfidi ya molibdeni.

2. Nunua punje mama, usinunue unga. Punje mama ni nailoni ambayo kiwanda kimeshaiyeyusha na kuichanganya na nano nyingi kwenye mashine ya skrubu mbili. Skrubu moja ya mashine zetu haina nguvu ya kuyavunja madonge. Ukiwa na punje mama za asilimia 10 na unataka asilimia 1, changanya gramu 100 za hizo na gramu 900 za nailoni tupu. Usiwe na tamaa ya kuzidisha. Kadiri unavyoongeza ndivyo chembe zinavyotafutana, na jino huwa kavu la kuvunjika.

3. Kausha. Wengi huharibu hapa. Nailoni hunywa unyevu wa hewa, na ukiiyeyusha na maji ndani, minyororo ya molekuli zake hukatika. Weka nyuzijoto 80 kwa saa nne hadi sita, unyevu ushuke chini ya asilimia 0.2. Ukiona michirizi ya rangi ya fedha kwenye gia, hukukausha. Ukizidisha moto, punje zitageuka manjano.

4. Sindilia. Aina ya nailoni 6 huyeyuka karibu nyuzijoto 220, na aina ya nailoni 66 karibu 260. Silinda iwe juu kidogo ya hapo. Moldi iwe ya moto, 70 hadi 90, maana moldi baridi hutoa ngozi ya jino isiyo ngumu, na ngozi ndiyo inayosuguliwa. Kumbuka pia nailoni tupu husinyaa zaidi ya iliyotiwa nano. Moldi ileile inaweza kukupa meno manene kidogo, basi pima uwazi kati ya meno kabla ya kufunga.

5. Pima. Pima uzito wa gia kabla na baada ya kuizungusha, lakini weka gia ya pili kando chumba hichohicho bila kuizungusha. Nailoni ikinywa unyevu huongezeka uzito, utadhani haijalika kabisa. Gia ya pili itakuonyesha ni gramu ngapi ni maji.

MASWALI

*Mkuu, mimi nina printa ya 3D tu. Naweza kupaka grafini juu ya gia ya PLA?*
Itakwanguka mapema. Na PLA, plastiki ya kawaida ya printa hizo, huanza kulegea karibu nyuzijoto 60, kwa hiyo tatizo lako ni plastiki yenyewe. Tafuta uzi wa nailoni. Uzi huo ukiwa na nyuzi za kaboni ndani, badilisha nozeli ya shaba kwa ya chuma kigumu.

*Shikamoo mwalimu. Vumbi la nano lina madhara?*
Marahaba. Lina madhara, na ndiyo sababu nyingine ya kununua punje mama. Mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka aina moja ya mirija ya kaboni kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Ukichonga au kupiga msasa gia hizi, fanya kwa maji na uvae barakoa ya kuchuja, si ya kitambaa.

*Kaka, gia ya mashine ya nyama ya mama imekatika meno mara tatu. Nikiitia nano itakaa?*
Kukatika si kulika. Mara nyingi gia ile imewekwa kama fyuzi: mfupa ukikwama, yenyewe ikatike ili mota ipone. Ukiifanya ngumu, safari ijayo utaniletea mota. Mwambie mama atoe mifupa, wewe mnunulie gia mbili za akiba.

*Gia zangu zote mbili ni nailoni, hakuna chuma.*
Nailoni kwa nailoni hupashana moto upesi. Badilisha moja iwe ya asetali (plastiki nyingine ya gia) kwanza, uone, kabla hujatumia hela kwenye nano.